Kura si Farasi wa Mashindano

Katika nchi nyingi za dunia watu wamezoea kuweka dau juu ya mashindano ya farasi. Vijana wa siku hizi huweka dau juu ya mpira wa miguu. Lakini je, mwajua kwamba ziko nchi ambamo mtu aweza kuweka dau hata juu ya uchaguzi wa bunge? Afungua simu yake, au aenda kwa mwenye duka la kamari, na hapo haulizwi kama chama fulani chafaa kutawala au hakifai. Haulizwi habari za shule, wala za hospitali, wala za barabara. Aulizwa maneno mawili tu: Nani atashinda? Nawe watoa fedha ngapi?

Jambo hilo lafanyika waziwazi katika nchi ya Australia, si juu ya bunge la taifa peke yake, bali hata juu ya mabunge ya majimbo. Wenye kulipenda husema kwamba ni mchezo tu, nao haumdhuru mtu ye yote. Wengine husema kwamba ni zaidi ya mchezo, kwa sababu bei za wacheza kamari zaonyesha mapema nani atatawala. Maneno hayo mawili yafaa kupimwa kwa mizani. Basi leo na tutazame uchaguzi mmoja wa kweli, ule wa jimbo la Queensland wa mwaka wa 2015. Kisha tutajiuliza kwa nini wakubwa wa zamani, wa serikali na wa Kanisa pia, waliiogopa kamari ya namna hiyo.

JIMBO LA QUEENSLAND NA BUNGE LAKE

Australia ni shirikisho la majimbo sita. Kila jimbo lina bunge lake na Waziri Mkuu wake. Queensland liko upande wa kaskazini-mashariki, nalo ni kubwa sana: eneo lake lakaribia robo tatu ya eneo la Congo. Lakini watu wake ni wachache. Katika mwaka wa 2015 hawakufika milioni tano. Mji mkuu wake ni Brisbane. Bunge la jimbo ndilo lenye kuamua mambo yanayomgusa mtu nyumbani mwake: shule za watoto, hospitali, polisi, barabara na reli. Kwa hiyo mtu akisema kwamba uchaguzi wa jimbo ni jambo dogo, hajui anachosema.

Bunge hilo lina baraza moja tu, kwa maana baraza la pili lilifutwa katika mwaka wa 1922. Wakati wa uchaguzi wa 2015 viti vyake vilikuwa 89, na chama kilichotaka kutawala peke yake kilipaswa kupata viti 45. Tena katika Queensland kupiga kura si hiari, ni wajibu wa sheria. Mtu asiyepiga kura bila sababu ya haki hutozwa faini. Sheria hiyo ilitumika mara ya kwanza katika uchaguzi wa 1915, na Queensland lilikuwa jimbo la kwanza la Australia kuwa nayo. Habari yake yastahili kukumbukwa: serikali ya Bwana Denham ndiyo iliyotunga sheria hiyo, na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyoangushwa na wapiga kura katika uchaguzi wa kwanza uliofuata! Hata mwenye kuwaita watu wote waje kupiga kura hakuweza kujua mapema wangeandika nini. Moyo wa mtu ni msitu mnene.

NGOMA ILIYOVUMA SANA

Tarehe 24 Machi 2012 chama cha Liberal National kilipata ushindi mkubwa mno katika Queensland. Kati ya viti 89 kilitwaa viti 78. Chama cha Labor, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi, na ambacho kilikuwa kimetawala kabla ya siku ile, kilibaki na viti 7 tu. Watu waliwacheka wabunge hao saba, wakisema kwamba wote waweza kuenea katika gari moja dogo. Bwana Campbell Newman, aliyekuwa zamani Meya wa mji wa Brisbane, akawa Waziri Mkuu wa jimbo.

Serikali yake haikukaa bure. Ilitaka kupunguza madeni, ikaondoa kazi zipatazo 14,000 katika utumishi wa serikali. Baadaye ikatoa shauri la kukodisha bandari na makampuni ya umeme ya jimbo kwa miaka mingi, ili fedha zitakazopatikana zilipe madeni hayo. Wako waliosema kwamba ni dawa chungu lakini ya lazima. Wako wengine waliosema kwamba mali ya wote haikodishwi namna hiyo. Katika mwaka wa 2014 viti viwili viliachwa wazi, cha Redcliffe na cha Stafford. Uchaguzi mdogo ulifanywa, na Labor ikavitwaa vyote viwili. Hivyo ikawa na wabunge 9.

Mwanzoni mwa Januari 2015 Bwana Newman alitangaza kwamba uchaguzi mkuu ungefanywa tarehe 31 ya mwezi ule ule, wakati watu wengi wangali katika mapumziko ya kiangazi. Mara makampuni ya kamari yakatangaza bei zao. Bei hizo zilisema nini? Zilisema kwamba chama cha Liberal National kitashinda, na kwamba ni kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Nani angefikiri kwamba chama chenye viti 9 chaweza kuruka hata kufikia utawala kwa mara moja? Hata wapimaji wa maoni, wanaowauliza watu kabla ya uchaguzi, mpaka mwisho walikiweka chama cha serikali mbele.

HESABU YA MWENYE KAMARI

Kabla ya kusema habari za siku ya uchaguzi, yafaa tufahamu kwanza kamari hiyo yaendeshwa namna gani. Wanafunzi wanaopenda hesabu watafuata kwa urahisi.

Mwenye kamari haweki bei moja kwa wote. Chama kinachodhaniwa kuwa na nguvu hukipa bei ndogo, na chama kinachodhaniwa kuwa dhaifu hukipa bei kubwa. Na tuchukue mfano wetu wenyewe. Mwenye kamari asema: "Ukiweka dola 100 juu ya chama chenye nguvu, nacho kikashinda, nitakurudishia 120. Ukiweka dola 100 juu ya chama dhaifu, nacho kikashinda, nitakurudishia 400." Mtu mwenye haraka asikia 400, na macho yake yang'aa. Lakini na tuhesabu polepole.

Tuseme yuko mtu mwenye hofu, anayetaka kupata fedha, ashinde huyu au ashinde yule. Juu ya chama chenye nguvu aweka dola 1,000. Kikishinda, atapokea 1,200. Juu ya chama dhaifu aweka dola 300. Kikishinda, atapokea 1,200 vilevile. Je, amefanya akili? Ametoa jumla ya dola 1,300, na kwa vyo vyote vile atapokea 1,200. Ameshinda na huku amepoteza 100! Fedha hizo 100 zimekwenda wapi? Zimebaki katika mfuko wa mwenye kamari. Hapo ndipo palipo siri ya biashara yake. Madau yakigawanyika vizuri pande mbili, yeye hana haja ya kujua nani atashinda. Bei zake zimepangwa hivi kwamba fungu lake limekwisha kukatwa kabla kura ya kwanza haijaanguka sandukuni.

Na yule anayeweka dau juu ya chama chenye nguvu peke yake, akijiona mwenye busara? Yeye aweka dola 1,000 ili apate faida ya 200. Akishinda mara nne mfululizo, amepata 800. Akishindwa mara ya tano, amepoteza 1,000, na faida yote imekwenda, pamoja na 200 za mtaji wake. Busara yake yamtosha siku zote isipokuwa siku moja, na siku hiyo moja yamla yote.

USIKU WA TAREHE 31 JANUARI 2015

Siku ile ikafika. Watu wa Queensland walipiga kura, na jioni karatasi zikaanza kuhesabiwa. Kadiri saa zilivyopita, viti vya chama cha serikali vilianguka kimoja baada ya kingine. Bwana Newman mwenyewe alipoteza kiti chake cha Ashgrove, akishindwa na Bibi Kate Jones, ambaye ndiye aliyekuwa mbunge wa mahali hapo kabla yake.

Hesabu ilipokamilika, Labor ilikuwa na viti 44. Chama cha Liberal National kilikuwa na 42. Chama kidogo cha Bwana Katter kilikuwa na 2, na kiti kimoja kilikuwa cha Bwana Peter Wellington, asiyekuwa wa chama cho chote. Hakuna aliyefikia 45. Kwa hiyo utawala wa jimbo zima, lenye watu karibu milioni tano, ulisimama juu ya neno la watu wachache mno. Bwana Wellington alitangaza kwamba ataiunga mkono Labor. Tarehe 14 Februari 2015, baada ya majuma mawili ya kungoja, Bibi Annastacia Palaszczuk aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Mtu atauliza: wajuzi wote hao walikosea namna gani? Jibu moja limo katika namna ya kupiga kura. Huko mpiga kura huandika namba 1 mbele ya jina la mtu anayempenda kuliko wote. Wakati ule, akitaka, aliweza kuendelea kuandika 2, 3 na kadhalika. Au aliweza kuacha hapo. Mgombea wa mwisho akiondolewa katika hesabu, karatasi zake hupelekwa kwa yule aliyepewa namba inayofuata. Katika kura za namba 1, chama cha Liberal National kilipata karibu asilimia 41, na Labor ilipata kati ya asilimia 37 na 38 tu. Lakini wengi wa wale waliopigia vyama vidogo waliandika pia namba 2, na namba hiyo ikaangukia Labor, kwa wingi kuliko katika mwaka wa 2012. Wapimaji wa maoni walikuwa wamehesabu kwa desturi ya 2012. Watu walikuwa wamebadili desturi, na hawakumpigia mtu mbiu.

Tazameni basi jambo hili. Kilichoamua utawala ni namba ndogo iliyoandikwa kwa penseli na mtu asiyejulikana, akiwa peke yake katika kibanda cha kura. Hakuna duka la kamari lililoweza kuiona namba hiyo kabla ya wakati wake.

JE, BEI YA DAU YAJUA MAMBO YA KESHO?

Lazima tuseme kweli yote. Mara nyingi chama kinachopewa nafasi kubwa na wacheza kamari hushinda kweli. Katika jimbo la Western Australia, mwezi wa Machi 2021, watu wote walijua kwamba Labor itashinda. Hata mkuu wa chama cha upinzani alikiri zaidi ya majuma mawili kabla ya siku ya uchaguzi kwamba hataweza kushinda. Na Labor ilipata viti 53 kati ya 59. Tena wako wataalamu wa uchumi, kama Justin Wolfers na Andrew Leigh, walioandika juu ya uchaguzi wa Australia wa mwaka wa 2001, waliosema kwamba bei za kamari zaweza kuwa kipimo kizuri kuliko kura za maoni. Sababu yao ni hii: mtu anayetoa fedha zake hufikiri zaidi kuliko mtu anayejibu swali bure.

Sababu hiyo ina maana, lakini haifiki mbali. Mahali ambapo ushindi ni wazi kama jua, kila mtu aujua bila kamari, wala hakuna faida ya maana katika kuweka dau. Mahali ambapo mambo ni ya giza, wenye kuweka dau wasoma magazeti yale yale, na kura za maoni zile zile, na kusikilizana wao kwa wao. Mmoja akisema, "Bei imeshuka, lazima yuko mtu anayejua jambo," wa pili amfuata, na wa tatu awafuata wote wawili. Hivyo bei yashuka tena, na kushuka kwake kwahesabiwa kuwa ushahidi! Ni kama watu waliopotea porini wakifuata nyayo, wasijue kwamba nyayo hizo ni zao wenyewe.

Na wakubwa wa kamari wenyewe hawakuokoka. Katika mwezi wa Mei 2019 ulikuwa uchaguzi wa bunge la taifa la Australia. Kampuni ya Sportsbet ilikuwa na hakika ya ushindi wa Labor hata ikawalipa washindi siku mbili kabla ya uchaguzi, jumla ya dola za Australia milioni 1.3. Ililipa ili isifiwe na kutajwa katika magazeti. Tarehe 18 Mei watu walipiga kura, na waliokuwa katika serikali wakashinda. Kampuni ikalazimika kuwalipa washindi wa kweli pia. Kama kampuni yenye wahesabuji na mashine zake yaweza kujikwaa namna hiyo, atakuwaje mfanyakazi aliye na mshahara wa mwezi mmoja mkononi?

HONGO LILILOVAA NGUO NZURI

Mpaka hapa tumesema habari za fedha zinazopotea. Lakini liko jambo zito kuliko fedha, nalo ndilo lililowatia hofu wenye hekima wa zamani.

Katika mwaka wa 1785, katika Uingereza, shauri moja liliwafikia majaji, ambao mkuu wao alikuwa Lord Mansfield. Wapiga kura wawili walikuwa wamewekeana dau juu ya uchaguzi wa mbunge. Huyu alitaja mgombea wake, na yule alitaja wake. Uchaguzi ulipokwisha, aliyeshinda alidai fedha. Majaji walikataa. Hawakusema kwamba watu hao wawili walikuwa na nia mbaya. Walisema kwamba dau la namna hiyo kati ya wapiga kura ni batili, kwa sababu lafungua mlango wa uharibifu wa uchaguzi.

Mlango huo ni upi? Fikirini. Tajiri ataka kununua kura ya jirani yake. Akimpa fedha mkononi, ni hongo, na sheria yamkamata. Lakini akimwambia, "Ndugu, naweka dau nawe kwamba mgombea wangu atashindwa. Akishindwa, hutanilipa ila kidogo. Akishinda, nitakulipa fedha nyingi," amefanya nini? Kwa maneno ya nje amecheza. Kwa kweli amemwahidi jirani malipo kama mgombea wake akishinda, na jirani sasa ana sababu ya kumpigia kura, na kuwashawishi ndugu zake wampigie. Ni hongo lile lile, ila limevaa nguo nzuri.

Watu wa jimbo la New York, katika Marekani, walifikiri vivyo hivyo. Katiba yao ya mwaka wa 1846 ililiruhusu bunge la jimbo kutunga sheria kwamba mtu aliyeweka dau juu ya uchaguzi azuiwe kupiga kura katika uchaguzi ule ule. Maana yake ni rahisi: chagua, ama uwe mpiga kura, ama uwe mcheza kamari, huwezi kuwa wote wawili kwa siku moja.

Wala hatari hiyo haikufa pamoja na watu wa zamani. Tarehe 22 Mei 2024 Waziri Mkuu wa Uingereza alitangaza kwamba uchaguzi utafanywa tarehe 4 Julai. Kisha ikaonekana kwamba watu fulani walikuwa wameweka dau juu ya tarehe ya uchaguzi kabla haijatangazwa, nao wengine walikuwa karibu na chama kilichotawala. Uchunguzi ukafanywa, na katika Aprili 2025 watu 15 walishtakiwa. Kushtakiwa si kuhukumiwa, na kazi ya kuhukumu ni ya majaji. Lakini kila mtu aona jaribu lilipo. Mtu aliyepewa siri ya nchi aikuta siri hiyo ina bei sokoni.

PAPA ALIYEPIGA MARUFUKU

Wasomaji wengine watashangaa kusikia kwamba kamari ya uchaguzi ilikuwa imeenea hata katika mji wa Roma, na hata juu ya uchaguzi wa Baba Mtakatifu! Katika karne ya 16 wenye mabenki na wafanya biashara wa Roma walipokea madau juu ya Kardinali gani atachaguliwa. Makardinali walipokuwa wamefungiwa ndani ya mkutano wao, uvumi ulipenya nje, na kila uvumi ulipandisha bei ya huyu na kushusha bei ya yule.

Kati ya mwaka wa 1590 na 1592 mikutano minne ya kumchagua Papa ilifanywa, kwa maana Mapapa watatu walifariki upesi. Papa Urbano wa VII alikaa siku 13 tu. Kwa wacheza kamari wakati huo ulikuwa wa mavuno. Basi Papa Gregori wa XIV, mwezi wa Machi 1591, alitoa amri: ni marufuku kuweka dau juu ya uchaguzi wa Papa, au juu ya urefu wa maisha yake ya utawala, au juu ya kufanywa kwa Makardinali wapya. Adhabu yake ilikuwa kutengwa na Kanisa.

Katika mji wa Genova, katika Italia vilevile, majina ya wakubwa wanaofaa kuingia katika mabaraza ya utawala yaliwekwa katika chombo, na mara mbili kila mwaka matano yalitolewa kwa kura ya bahati. Watu wakaanza kuweka dau juu ya majina. Baadaye majina yakaondolewa, zikabaki namba 1 mpaka 90, na mchezo ukaendelea bila uchaguzi wo wote. Ndio mwanzo wa ile bahati nasibu inayoitwa lotto. Wachezaji hawakuona tofauti. Jina la mtu atakayewatawala na namba tupu vilikuwa kitu kimoja machoni pao.

Kanisa halifundishi kwamba kila mchezo wa dau ni dhambi. Katekisimu ya mwaka wa 1992 yasema kwamba michezo ya namna hiyo kwa yenyewe haivunji haki. Lakini yawa mibaya inapomnyima mtu yale anayoyahitaji yeye au watu wake, na tena yaweza kumfanya mtu mtumwa. Baba mwenye kuweka dau la ada ya shule ya mwanawe hana haja ya kungoja matokeo ya uchaguzi ili ajue kama amekosa.

MASWALI MAWILI

Na sasa turudi kwa mpiga kura wa Queensland, aliyesimama katika kibanda na penseli mkononi. Kura yamwuliza swali moja: Nani afaa kutawala? Ili alijibu, lazima awafikirie wagonjwa hospitalini, na watoto shuleni, na madeni ya jimbo, na wale 14,000 walioondolewa kazini. Awafikirie hata watu wasiokuwa wa jamaa yake. Dau lamwuliza swali jingine: Nani atashinda? Ili alijibu, hana haja ya kumfikiria mtu ye yote.

Maswali hayo mawili yafanana kwa sauti, lakini si ndugu. Mtu akizoea kuuliza la pili, polepole asahau la kwanza. Asikiapo mgombea ametoa shauri jema, hasemi, "Shauri hili litawafaa watu." Asema, "Bei yake itapanda." Asikiapo serikali imekosa, hahuzuniki kwa ajili ya nchi, afurahi kwa ajili ya mfuko wake. Amekaa katika nchi yake mwenyewe kama mgeni anayetazama mashindano.

Tena iko tofauti nyingine. Katika sanduku la kura tajiri na maskini wapimwa sawasawa. Mwenye mashamba makubwa ana karatasi moja, na mama mjane mwuza mboga ana karatasi moja. Katika kamari sivyo. Huko mwenye dola 10,000 apima mara elfu kuliko mwenye dola 10, na bei inayosomwa magazetini ni sauti ya mwenye fedha kwanza. Mpiga kura anayeitazama bei hiyo asubuhi na kusema, "Basi, mambo yamekwisha, kura yangu ni ya nini?" amewaachia wenye fedha neno ambalo sheria ilimpa yeye.

Kama watu wa Queensland wangaliiamini bei ya dau, wangalikaa nyumbani siku ile ya Januari, au wangaliandika namba 1 na kuondoka. Hawakufanya hivyo. Waliandika 1, wakafikiri tena, wakaandika 2. Waliopenda matokeo na wasioyapenda waweza kuendelea kubishana, na kubishana huko ni haki yao. Lakini matokeo yalikuwa yao wenyewe.

Enyi wanafunzi, siku moja nanyi mtasimama katika kibanda kile, kama hamjasimama bado. Rafiki akija kabla ya siku hiyo na kusema, "Tuwekeane dau, nani atashinda?" mjibuni kwa upole kwamba hilo mtalijua kura zitakapohesabiwa. Kisha mwulizeni yeye nani afaa, na kwa sababu gani. Maongezi ya namna hiyo hayana gharama, na mwisho wake kila mmoja atakwenda kupiga kura akijua zaidi kuliko alivyojua alipoanza.